Waya Uliobaki Tawini

Somo: 2 Wakorintho 2:5–8



Wiki hii nakukaribisha nyuma ya nyumba yetu hapa Maryland, penye meza ya mbao ambayo jua na theluji vimeifanya ya kijivu. Juu yake pana mti mmoja kwenye chungu, na urefu wake hauzidi mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Wajapani huuita momiji. Majani yake yana ncha tano, mengine saba, yamefunguka kama kiganja cha mtoto anayeomba pipi. Wataalamu wa mimea nao waliuona mkono huohuo, maana jina lake la kisayansi, Acer palmatum, linatokana na kiganja. Jina lake jingine la Kijapani, kaede, asili yake ni mkono wa chura.

Mwishoni mwa Mei nilirudi kutoka Tanzania. Nilikuwa nimekwenda kumzika shangazi yangu, nikakaa na ndugu wiki tano. Nilipofika nilipitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, hata sanduku sijalifungua. Mti ulikuwa umependeza. Matawi niliyoyaacha uchi yalikuwa yamevaa, na chungu kilikuwa kibichi cha maji ya asubuhi hiyo. Nikasogea karibu. Kwenye tawi la chini, upande wa kushoto, waya niliouzungusha mwezi Machi sikuuona. Nikadhani mke wangu ameutoa. Nilipopitisha kidole ndipo nikaugusa: ulikuwa ndani. Gome lilikuwa limevimba huku na huku, limeanza kuufunika, kama pete kwenye kidole cha mtu aliyenenepa.

Nikamwita mke wangu aje aone. Akainama, akatazama, akanyanyuka.

"Uliniambia nimwagilie," akasema. "Hukuniambia niangalie waya."

Alisema kweli. Wiki tano hakukosa hata siku moja kuumwagilia. Mti ulikua vizuri kwa sababu alikuwa mwaminifu, na kwa kuwa ulikua vizuri, waya ukauma.

Labda hujawahi kuona bonsai kwa karibu, basi niruhusu nikueleze kidogo. Sanaa hii ilitoka China ikalelewa Japani. Jina lenyewe lina vipande viwili: bon ni chombo kama sinia au chungu kipana, sai ni kupanda. Wengi hudhani ni mbegu maalumu ya miti mifupi. La. Momiji huu ukiupanda ardhini na kuuacha utapita paa la nyumba. Unabaki mdogo kwa sababu mtu anaupogoa juu, anaupunguzia mizizi chini, na anauweka kwenye chungu kisicho na nafasi nyingi. Mtu huyo hupaswi kumfikiria kama fundi aliyemaliza kazi. Kila siku kuna maji, kila wiki kuna jicho, na kila mwaka kuna jambo.

Wangu niliununua kwenye kitalu cha miche, ukiwa ndani ya ndoo nyeusi ya plastiki. Ulikuwa umebebeshwa, kama wafanyavyo wakulima wa maparachichi kule Njombe: kikonyo cha aina inayopendwa juu ya shina la momiji wa kawaida. Ukitazama chini ya shina unauona mstari wa pale walipokutana. Miti ya kitaluni hulelewa kwa ajili ya mwenye bustani anayetaka mti mrefu upesi, kwa hiyo pingili zake huwa ndefu na matawi yake hukimbilia juu. Hakuna aliyeulea akifikiri kwamba siku moja utakaa mezani.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja jirani yetu, ambaye ameitumikia miti hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku ya kwanza nilitaka kukata, kufunga waya na kuuhamishia kwenye chungu kizuri, yote kabla ya chakula cha mchana. Mzee akacheka.

"Mchungaji," akasema, "kazi moja kubwa kwa mwaka. Ukiutesa mara mbili kwa msimu mmoja, utapumulia wapi?"

Basi mwaka wa kwanza hatukugusa matawi. Majira ya kuchipua yalipokaribia, vichipukizi vikiwa vimevimba lakini havijafunguka, tuliutoa kwenye ndoo. Mizizi ilikuwa imejizungusha kufuata ukuta wa ndoo kama kamba iliyokunjwa. Mzee akachukua kijiti, akaichambua mmoja mmoja, akakata ile minene iliyoelekea chini, akaacha ile myembamba inayotambaa pembeni. Kisha akafuta udongo wa juu taratibu mpaka tukaona shina linavyotanuka kuingia ardhini. Wajapani wana jina la mahali hapo, nebari, na hapo ndipo macho yao huanzia wanapoutazama mti. Mwaka wa pili tulikata shina kwa juu, ili chipukizi la pembeni lichukue uongozi na mti upungue unene kadiri unavyopanda. Kidonda cha mkato ule kilikuwa na upana wa sarafu, na hadi leo hakijafunga chote.

Mwaka wa tatu, mwezi Machi, mti ukiwa bado hauna jani, nikafunga waya kwa mara ya kwanza.

Waya wenyewe ni wa alumini, laini, na unene wake ni kama theluthi moja ya unene wa tawi. Unauzungusha kwa mshazari, usiukaze, usiulegeze. Kisha unaweka dole gumba upande wa ndani wa tawi na kuliinamisha kidogo kidogo, huku ukisikiliza. Tawi la momiji likikaribia kukatika hutoa sauti ndogo, na mwenye busara husimama kabla ya sauti hiyo. Tawi likishainama, waya hulishikilia pale. Ndani yake mti unaendelea kuweka mbao mpya, na mbao hizo zikishakomaa tawi hukaa lenyewe. Hapo waya umemaliza kazi. Msonobari huweza kuvaa waya muda mrefu bila shida. Momiji una gome jembamba na hunenepa haraka majani yakishafunguka, kwa hiyo muda wa waya wake huhesabiwa kwa wiki.

Mzee alikuwa ameniambia: "Ukifunga, andika tarehe. Na kila wiki pitisha kidole." Sikuandika tarehe. Nikapanda ndege.

Mpendwa, jioni ile nilikaa kwenye ngazi nikilitazama lile tawi, na kuna jambo dogo lililonikaa rohoni hata nikashindwa kuinuka. Waya ule haukujikaza. Ulikuwa palepale nilipouweka, kwa kipimo kilekile nilichokipima kwa uangalifu mwezi Machi. Tawi ndilo lililokua.

Na hapo nikamkumbuka mdogo wangu.

Miaka sita iliyopita nilimtumia fedha za kuezeka nyumba ya mama yetu. Sehemu ya fedha hizo aliingiza kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, akitumaini kuzirudisha kabla sijajua. Duka likasuasua, masika yakaingia, na mama akalala chini ya turubai. Nilimkemea kwa maneno makali. Sijutii kumkemea, maana mama alikuwa ananyeshewa. Alikubali kosa, akaomba msamaha mbele ya mama, na kwa mwaka mmoja na nusu akalipa kila shilingi. Bati liko juu tangu wakati huo. Mimi nilikuwa nimeweka sharti: tangu sasa, kila fedha nitakayotuma iwe na stakabadhi. Kwa wakati ule lilikuwa sharti jema. Lilimsaidia yeye kushika njia, likanisaidia mimi kulala. Nililosahau ni kusema litaisha lini.

Siku tatu baada ya mazishi ya shangazi, matanga yakiwa yameanuliwa na watu wamepungua uani, mdogo wangu alinijia na daftari kubwa, lile tunaloliita kaunta buku. Akanipa kwa mikono miwili.

"Kaka, hesabu hizi hapa. Ukipata nafasi uzipitie."

Nikalifungua. Ukurasa baada ya ukurasa, vipande vya karatasi vimebandikwa kwa gundi: dawa za presha za mama, umeme wa Luku, nauli ya bodaboda kwenda kliniki, sukari kilo mbili. Penye mkaa hapakuwa na stakabadhi, maana muuza mkaa hatoi stakabadhi. Badala yake pana sahihi. Mdogo wangu, mwenye miaka arobaini na mbili na watoto watatu, alikuwa amesimama mbele ya gunia la mkaa akimwomba muuzaji aweke sahihi yake kwenye daftari, ili kaka yake aliye Marekani aridhike.

Na huyu ndiye ambaye usharika wake umemchagua kuwa mtunza hazina. Sadaka ya watu mia kadhaa hupita mikononi mwake kila Jumapili. Watu wote walikuwa wameona tawi limekua. Mimi peke yangu nilikuwa bado na kipimo cha miaka sita iliyopita.

Nisikufiche, mpendwa. Siku ile nilimshukuru, nikachukua daftari, nikaenda kukaa chini ya mwembe, nikazipitia hesabu zote. Sikuona kosa lolote, wala kwenye hesabu wala kwangu mwenyewe. Ilinibidi nirudi bara jingine, nipitishe kidole kwenye tawi, ndipo nione.

Mtume Paulo aliwahi kuliandikia kanisa la Korintho kuhusu mtu mmoja aliyewaumiza wenzake. Jina lake hakulitaja, na kosa lake hakulirudia. Ushirika ulikuwa umemwadhibu, na Paulo hasemi kwamba walikosea. Ila anaona jambo ambalo wao hawajaliona: ile adhabu imeshafikia kipimo chake. Anawasihi wageuke sasa, wamsamehe, wamtie moyo, wamhakikishie kwamba bado wanampenda, majonzi yasije yakamfunika mzima mzima.

Nimeisoma barua hiyo tangu chuo cha theolojia, na nimeihubiri zaidi ya mara moja. Sikuwahi kuona kwamba Paulo pale anafanya kazi ya mtu anayepitisha kidole tawini. Wakorintho walijua kufunga waya. Hawakujua kwamba ni wao pia wanaopaswa kuufungua. Tawi haliwezi kujifungua lenyewe. Mtu akishatubu, akalipa, akanyamaza, akakua, bado atabaki na waya wako mpaka wewe uje na koleo.

Je, kuna mtu ambaye ulimrudi kwa haki, na haki hiyo imekaa mpaka imeanza kumuumiza? Mtoto aliyedanganya akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa ana ishirini, lakini kila akisema neno unamwuliza mara mbili? Mume au mke aliyekosa mwaka ule, na mwaka ule haujaisha nyumbani mwenu? Usikimbilie kujibu. Kaa kidogo na jina litakalokujia.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuja na koleo lake dogo la kukatia waya. Mimi nilikuwa nimeshaanza: nilishika ncha ya waya, nikawa naukunjua kwa kuurudisha nyuma, mzunguko kwa mzunguko, nikifikiri nitautumia tena. Akanishika mkono.

"Usiurudishe nyuma. Utalisokota tawi na utavunja vichipukizi. Kata kila mzunguko palepale ulipo."

Akanionyesha. Anaingiza mdomo wa koleo chini ya waya, anakata, anasogea, anakata tena. Pale gome lilipokuwa limefunika alitumia ncha kuinua kipande taratibu, na utomvu kidogo ukatoka. Vipande vilidondoka mezani kimoja kimoja. Nilivihesabu: kumi na moja. Hapakuwa na waya wa kutumia tena, ila chuma chakavu cha kutupa.

Nimewaza sana juu ya vipande vile. Mara nyingi tunapotaka kusamehe tunarudi nyuma mzunguko kwa mzunguko: wewe ulisema hivi, mimi nikajibu vile, halafu ukafanya lile. Tunadhani tukiukunjua ugomvi mpaka ulipoanzia tutakuwa huru. Njiani tunalisokota tawi lilelile tunalotaka kuliponya. Zipo nyakati ambapo mambo lazima yazungumzwe, na kosa litajwe kwa jina lake. Lakini pale ambapo yamekwisha kuzungumzwa, ambapo mtu amekwisha kukiri, msamaha unakata palepale ulipo. Leo sikuulizi. Kesho tena sikuulizi. Na kile kipande cha haki tulichokiweka akiba, kwamba siku moja huenda nikakihitaji tena, hicho nacho kinadondoka mezani. Hiyo ndiyo gharama yake.

Tulipomaliza nilishika pumzi, nikingoja tawi liruke kurudi juu. Halikuruka. Lilikaa palepale nilipolielekeza mwezi Machi. Lilikuwa limeshajifunza zamani.

Ukweli ni kwamba si kila tawi hukaa. Mzee ananiambia yapo ambayo ukiyafungua yanarudi nusu ya njia, na hayo hufungwa tena, ila waya mpya usipite kwenye alama ya ule wa zamani. Busara ni hiyohiyo kwa watu. Aliyekuumiza na bado anaumiza, kumsamehe hakukulazimishi kurudi chini ya mkono wake. Mungu hakuiti ukae penye hatari. Anakuita tu uwe mtu anayeangalia, anayejua leo tawi limefika wapi, asiye na kipimo kimoja cha maisha yote.

Nikamwuliza mzee kuhusu alama. Kwenye tawi langu pamebaki mfereji unaozunguka kama ngazi ya mnara. Itaondoka?

"Mti haurudishi gome la zamani," akasema. "Unaongeza jipya juu yake. Uupe miaka."

Akanionyesha kile kidonda cha mkato wa shina. Ukitazama vizuri unaona mdomo wa mbao mpya ukitambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, mwaka huu unene wa uzi, mwaka ujao unene wa uzi mwingine. Ndani, mkato wa zamani upo na utabaki kuwapo. Ukiupasua mti baada ya miaka hamsini utaukuta. Mti hauwezi kusahau, na hakuna aliyeudai usahau. Umepewa kazi moja tu, kukua kupita kidonda.

Wangapi wamekuja ofisini kwangu wakilia kwamba hawajasamehe, kwa sababu bado wanakumbuka! Ndugu yangu, dada yangu, kukumbuka hakufuti msamaha wako. Jiulize tu: mwaka huu, je, kuna uzi mmoja wa mbao mpya? Je, uliweza kumwombea? Uliweza kulitaja jina lake bila sauti kubadilika? Uzi huo mmoja ni kazi ya Mungu ndani yako. Usiudharau.

Na kama tawi ni wewe? Pengine unasoma haya na waya ni neno uliloambiwa utotoni: mvivu, mjinga, hutafika popote. Aliyelisema pengine alitaka kukunyoosha, akasafiri, au akafa, bila kurudi kulitoa. Au pengine waya umeufunga mwenyewe. Ulikosa, ukatubu, Mungu akakusamehe, nawe ukaendelea kujidai stakabadhi kila siku. Mpendwa, Mwenye shamba hajaondoka. Yeye hupitisha kidole kila asubuhi. Mruhusu akate, hata kama utomvu utatoka kidogo.

Jumamosi ile tulikwenda Washington, mke wangu na mimi, kwenye bustani ya miti ya taifa la Marekani, ambamo mna makumbusho ya bonsai. Nilitaka kuuona msonobari mmoja. Umelelewa chunguni tangu mwaka 1625, wakati ambapo Wareno bado walikuwa ndani ya Ngome ya Yesu pale Mombasa. Tarehe 6 Agosti 1945 msonobari huo ulikuwa Hiroshima, nyumbani kwa familia ya Yamaki, kama kilomita tatu kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipuka. Vioo vya nyumba vilivunjika. Mti ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu, ukapona. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka mia mbili ya uhuru, Japani iliipa zawadi ya bonsai 53, na Masaru Yamaki akautoa msonobari huu uwe mmoja wao. Waliopokea hawakujua umepitia nini. Wakaumwagilia tu, mwaka baada ya mwaka. Ni mwaka 2001, wajukuu wawili wa Yamaki walipofika kuuona mti wa babu yao, ndipo habari hiyo ilipojulikana pale.

Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Yaliyokuwa moyoni mwa mzee Yamaki alipoutoa sitamsemea. Naona tu alichokifanya: aliichukua hazina ya vizazi vya nyumba yake akaiweka mikononi mwa taifa lililoangusha bomu, na hakuambatanisha hesabu. Na naona vizazi vya watu ambao majina yao hayapo ukutani, waliomwaga maji jana ili mti uwe hai leo. Katika karne nne umefungwa na kufunguliwa mara zisizohesabika. Nilitafuta alama nisizione. Palikuwa na gome la kikongwe tu, na sindano za kijani.

Mke wangu akaniuliza, "Umeshampigia?"

Nilimpigia usiku uleule. Kwetu ilikuwa saa nne usiku, kwao alfajiri, naye huamka mapema kufungua duka.

"Shikamoo, kaka. Kuna nini? Mama yuko salama."

"Marahaba. Najua yuko salama, kwa sababu yuko na wewe." Nikanyamaza kidogo, maana nilikuwa nimeandaa maneno mengi na yote yalikuwa ya kurudi nyuma mzunguko kwa mzunguko. Nikayaacha. "Mdogo wangu, kuanzia leo usinitumie stakabadhi. Nilipaswa kukwambia hivyo miaka minne iliyopita. Nisamehe."

Simu ikawa kimya. Nilisikia jogoo wa jirani yake, kisha mlango wa chuma wa duka ukisukumwa.

"Na hili daftari sasa nilifanyie nini?"

"Mpe mtoto achorie. Si zimebaki kurasa?"

"Zimebaki nyingi, kaka," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nikamsikia akinicheka.

Mpendwa, juma hili nakuomba jambo dogo. Chagua mtu mmoja uliyewahi kumwekea sharti, au kumpa jina, au kumnyima kitu kwa sababu ya kosa. Usianze na hukumu. Anza kwa kumtazama kana kwamba umetoka safarini: ameishije? Amekua wapi? Ukiona sharti lako bado linamsaidia, liache, ila uandike tarehe ya kulitazama tena. Ukiona limeanza kuzama, kata kipande kimoja. Kimoja kinatosha kwa wiki.

Nami kila asubuhi nitakuwa pale mezani na kopo la maji. Tawi la kushoto limetoa majani mapya, mawili mawili, yakitazamana. Mfereji bado unaonekana.

Tuombe.

Baba mwema, wewe unatufunza bila kutuvunja, na unajua siku ya kufungua kila ulichofunga. Utusamehe kwa wale tuliowaacha na nyaya zetu. Utupe macho ya kuona walivyokua, na mikono isiyotetemeka ya kukata palepale tulipo. Wale wanaovaa waya wa mtu aliyekwisha kuondoka, uwatembelee leo. Na uaminifu wa wanaomwagilia kila siku bila kutajwa, uukumbuke. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.